Ndoto na mapinduzi vinakaaje chumba kimoja?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma fasihi, mwaka wa pili. Darasani tuliambiwa usurealisti ni sanaa ya ndoto, ya wasanii walioipa jamii kisogo. Wiki iliyofuata tukaletewa washairi Lorca, aliyepigwa risasi, na Neruda, mkomunisti wa kadi, tukaambiwa nao wamo humohumo. Sasa ndoto na mapinduzi vinakaaje chumba kimoja? Na je, sanaa ile ilibadilisha chochote huko Uhispania na Amerika ya Kilatini, au ni wahakiki tu wanaoibebesha mzigo usio wake?"

Marahaba. Vinakaa kwa kugombana, na mashairi mengi yanayokusumbua yamezaliwa na ugomvi huohuo.

Paris nitaipitia haraka, kwa kuwa vitabu vyenu vimeisema ya kutosha. André Breton alitoa ilani ya kwanza ya usurealisti mwaka 1924. Kinachosahaulika ni kwamba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa mwanafunzi wa udaktari, akahudumia askari waliorudi kutoka mahandakini wamechanganyikiwa. Swali lake lilitoka wodini: ikiwa akili timamu ya Ulaya ndiyo iliyopanga mauaji yale, upande wa pili wa akili hiyo kuna nini? Akamsoma Freud, daktari aliyechambua ndoto, akajaribu kuandika bila kuuzuia mkono. Mwaka 1927 yeye na wenzake kadhaa wakajiunga na Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Chama kikampangia tawi la wafanyakazi wa gesi na kumwagiza atayarishe taarifa juu ya hali ya Italia, takwimu tupu, itikadi asiiguse. Breton mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuweza. Ugomvi ulikuwemo chumbani tangu siku ya kwanza.

Kabla hatujafika Uhispania, kuna jambo moja ambalo naona ndilo linalowakwaza wanafunzi wetu kuliko siasa zote. Sisi tumelelewa kwenye fumbo. Mshairi akitaja nazi, jahazi au simba, tunajua chini yake kuna kitu, na kazi ya msomaji ni kufumbua. Mtihani nao huuliza hivyohivyo: nazi inawakilisha nini? Taswira ya kisurealisti haikuficha jibu. Imekutanisha vitu viwili ambavyo havikuwahi kukutana, na kazi yake ni kile kinachotokea kichwani mwako vinapogongana. Ukimfumbua Lorca kama unavyomfumbua Muyaka utarudi mikono mitupu, kisha utasema yale ni maneno ya mlevi.

Haya, tuingie Madrid. Miaka ya 1920 Uhispania ilikuwa na mfalme, na kuanzia 1923 hadi 1930 ikawa pia na dikteta, Jenerali Primo de Rivera. Mashamba makubwa ya kusini yalikuwa mikononi mwa wachache, na wakulima wengi hawakujua kusoma. Katika jiji hilo palikuwa na bweni la wanafunzi, Residencia de Estudiantes, mahali penye maktaba nzuri, piano na mijadala ya usiku. Humo ndimo mshairi Federico García Lorca, mchoraji Salvador Dalí na mtengeneza filamu Luis Buñuel walimofahamiana kabla dunia haijawafahamu. Mmoja aliishia kuuawa, mmoja uhamishoni, na mmoja akavishwa nishani na serikali ya Franco, jenerali aliyeishinda Jamhuri na kutawala baadaye.

Nianze na aliyeuawa. Lorca alifika New York Juni 1929, akajiandikisha katika Chuo Kikuu cha Columbia ili ajifunze Kiingereza (hakujifunza cha maana), na Oktoba akawa palepale soko la hisa la Wall Street lilipoporomoka. Mashairi aliyoandika huko yalitoka kitabuni mwaka 1940, yeye akiwa kaburini, tena kaburi ambalo mpaka leo halijapatikana. Jina la kitabu ni *Poeta en Nueva York*, yaani mshairi ndani ya New York. Shairi moja, linalohusu ofisi na mashtaka, linaanza hivi, na tafsiri ni yangu:

Chini ya hesabu za kuzidisha
kuna tone la damu ya bata.
Chini ya hesabu za kugawanya
kuna tone la damu ya baharia.

Nimewahi kulifundisha shairi hili, na kila mwaka mkono wa kwanza kunyooshwa huuliza: Mwalimu, bata anawakilisha nini? Hawakilishi. Ni bata. Amechinjwa usiku ili mji ule asubuhi, na kifo chake kimeandikwa daftarini kama namba. Mistari michache mbele Lorca anatoa hesabu yake mwenyewe: kila siku mjini humo huchinjwa bata milioni nne, nguruwe milioni tano, njiwa elfu mbili, ng'ombe milioni, kondoo milioni na majogoo milioni mbili. Namba hizo hakuzitoa ofisi ya takwimu, amezitunga, na ukubwa wake wa kipuuzi ndio shtaka lenyewe. Lugha ya mji huo ni hesabu, basi yeye anawarudishia hesabu mpaka iloe damu. Mwishoni anajitoa mwenyewe aliwe na ng'ombe waliokamuliwa, katika bonde ambamo mto Hudson unalewa mafuta. Unaweza kuandika makala ya uchumi juu ya mwaka 1929 na usiguse jambo hilo.

Katika shairi jingine anamwimbia mfalme wa Harlem, mfalme aliyefungwa ndani ya sare ya mtunza jengo. Taswira hiyo inanigusa kila ninapoisoma. Lakini palepale mfalme huyo anang'oa macho ya mamba kwa kijiko na kupiga matako ya nyani, na hapo namwona Mwandalusi, mtu wa kusini mwa Uhispania, aliyeshuka melini juzi akiwa na Afrika ya kubuni kichwani. Alikuwa na huruma ya kweli, na bado alikuwa mgeni. Usiogope kuyasema yote mawili kwenye insha yako.

Halafu kuna hili la kukuchanganya zaidi: Lorca aliikana lebo. Mwaka 1928 alimwandikia rafiki yake mhakiki Sebastià Gasch kwamba kazi zake mpya si usurealisti, kwa kuwa fahamu iliyo wazi kabisa ndiyo inayozimulika. Namwamini. Alichochukua kwa wenzake wa Paris ni ruhusa ya kuruka kutoka kitu hadi kitu bila daraja. Kuuachia mkono uende utakako hakukubali. Jamhuri iliyotangazwa Aprili 1931 ilipompa fedha, alizunguka vijijini na kikundi cha wanafunzi, La Barraca, wakiigiza tamthilia za kale za Kihispania kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona jukwaa. Agosti 1936, wiki chache baada ya majenerali kuiasi Jamhuri, alikamatwa Granada na kuuawa nje ya mji, kati ya Víznar na Alfacar.

Buñuel ndiye ninayependa kumtumia kujibu dai kwamba wasurealisti walikimbia jamii. Alikuwa ameshatengeneza filamu mbili Ufaransa. Ya pili, *L'Âge d'or*, mwaka 1930 iliwafanya vijana wa mrengo wa kulia wavamie ukumbi na kurushia skrini wino, na polisi wakaipiga marufuku. Kisha akarudi nyumbani na kupeleka kamera Las Hurdes, wilaya ya milimani ya Extremadura iliyosahaulika kabisa. Fedha zilitoka kwa Ramón Acín, mwalimu na msanii wa Huesca, mwanaanarkia, aliyemwahidi kwamba akishinda bahati nasibu atagharimia filamu. Akashinda, na ahadi akaitimiza. Filamu yenyewe ni ya mwaka 1933 na haifiki nusu saa.

Hakuna saa zinazoyeyuka humo kama kwenye michoro ya Dalí. Kuna njaa, malaria, mtoto mgonjwa kando ya njia. Lakini sikiliza sauti: msimulizi anazungumza kwa utulivu wa mtu anayesoma ratiba ya treni, na nyuma yake inapigwa simfoni ya Brahms. Kati ya unachokiona na unachokisikia kuna ufa, na ndani ya ufa huo ndimo usurealisti ulimo. Mtazamaji wa mjini anakaa kitini akijishtukia kwamba amezoea. Sitakuficha kwamba Buñuel alidanganya pia. Kuna mbuzi anayeanguka kutoka jabalini, na ukitazama vizuri pembeni mwa picha utaona moshi wa bunduki. Serikali ya Jamhuri, hiyohiyo iliyojinadi kuwa ya wanyonge, iliipiga filamu marufuku kwa kuwa iliaibisha nchi. Acín alipigwa risasi Huesca Agosti 1936, na mkewe akafuata mwezi huohuo. Buñuel aliishia Meksiko, akatengeneza *Los olvidados* mwaka 1950 juu ya watoto wa mitaani, na ndoto ya mtoto mwenye njaa akipewa nyama mbichi na mama yake bado inanifukuza.

Sasa Neruda, na hapa naomba utulie, maana jibu la swali lako limo ndani ya mstari mmoja.

Pablo Neruda wa Chile alitumwa Asia akiwa kijana, balozi mdogo asiye na mshahara wa kutosha, Rangoon kisha Colombo kisha Batavia. Huko aliandika sehemu kubwa ya *Residencia en la tierra*, iliyotoka 1933 na 1935. Ni mashairi mazito, ya mtu anayesema amechoka kuwa mtu, ambaye angefurahi kumtisha wakili kwa ua la yungiyungi au kumuua mtawa kwa pigo la sikio. Kila kitu kinafanana na kila kitu humo. "Kama" zinamiminika bila breki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uhispania Julai 1936 alikuwa balozi mdogo Madrid. Mtaa wake, Argüelles, ukapigwa mabomu. Rafiki yake Lorca akauawa. Akaandika shairi la kueleza kwa nini mashairi yake hayasemi tena juu ya ndoto na majani, na ndani yake anasema kwamba barabarani damu ya watoto ilitiririka tu, kama damu ya watoto.

Ulifundishwa tashbihi: kitu hiki ni kama kitu kile. Meno kama mchele, shingo kama ya twiga. Hapa kitu hiki ni kama kitu hikihiki. Fundi aliyetumia muongo mzima akifananisha lolote na lolote amefika mbele ya damu ya watoto, ameanza tashbihi kwa mazoea ya mkono, "kama", na ameishia palepale alipoanza. Mshairi wa kawaida angesema damu ilitiririka kama mto, nasi tungesahau. Mwandishi wa ilani angesema mabeberu wameua. Ni mtu aliyetoka kwenye ndoto pekee ambaye kukataa kwake kufananisha kungekuwa na uzito huo. Baadaye Neruda aliyakana mashairi ya *Residencia*, akidai hayamsaidii mtu kuishi. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Bila yale, mstari huu ungekuwa taarifa ya habari.

Umeona sasa anavyokutana na bata wa Lorca? Taswira ya ajabu, ikisukumwa na historia, hufika mahali inakataa kuwakilisha kitu kingine. Bata ni bata, damu ni damu. Chumba kimoja unachouliza ni hicho, nijuavyo mimi. Mwanandoto na mwanamapinduzi wote wawili wamekataa daftari ambamo dunia imeandikwa kuwa ni ya kawaida. Wakishatoka nje, kila mmoja ana safari yake.

César Vallejo wa Peru ni ushahidi kutoka upande wa adui. Mwaka 1930 aliandika makala ya kuupasua usurealisti kama maiti, akasema umekwisha. Lakini shairi lake "Masa", la wakati wa vita vya Uhispania, lina mpiganaji aliyekufa. Mtu mmoja anamsihi asife, maiti inaendelea kufa. Wanakuja wawili, ishirini, mia, elfu, mamilioni, bado. Mwishowe wanamzunguka watu wote wa duniani. Maiti inawatazama kwa huzuni, inainuka polepole, inamkumbatia wa kwanza, inaanza kutembea. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amebishana na jina tu. Vallejo alikufa Paris Aprili 1938, vita havijaisha.

Usidhani kila mwenye kuchora ndoto alisimama upande huo. Dalí alikuwa na kipaji cha mkono kuliko wengi wao. Mchoro wake wa 1936, wa mwili unaojirarua wenyewe juu ya maharage yaliyochemshwa, ni mojawapo ya picha kali kuliko zote za nchi inayojila. Lakini wenzake walikuwa wameshamfungulia mashtaka kikundini mwaka 1934 kwa kumshabikia Hitler. Mwaka 1948 alirudi kuishi Uhispania ya Franco, na mwaka 1964 akapewa nishani ya juu. Mbinu haina kadi ya chama. Na kule Tenerife, katika Visiwa vya Kanari, ambako Breton alikuja mwaka 1935 kwa maonyesho ya wasurealisti, mshairi kijana Domingo López Torres wa jarida la *Gaceta de Arte* alikamatwa baada ya uasi, na mwaka 1937 akatiwa guniani na kutoswa baharini. Nawataja wawili hawa pamoja makusudi.

Upande wa pili wa Atlantiki kuna mengi, nami nitachagua moja. Wifredo Lam alizaliwa Kuba mwaka 1902, baba Mchina, mama wa ukoo uliochanganya Wahispania na mtumwa wa asili ya Kongo. Mama yake wa ubatizo, Mantonica Wilson, alikuwa kuhani wa Santería, dini iliyovuka bahari na watumwa Wayoruba. Lam alikwenda Uhispania 1923 kusomea uchoraji, vita vilipofika akafanya kazi kiwanda cha silaha cha Jamhuri, akakimbilia Paris mwaka 1938. Huko Picasso alimwonyesha vinyago vya Kiafrika. Fikiria kejeli hiyo: kijana wa ukoo huo anaonyeshwa Afrika na Mhispania, mjini Paris.

Alirudi Kuba 1941 baada ya miaka 18 na kukuta kisiwa cha starehe za watalii na weusi walewale mashambani. Akachora *La Jungla*, 1942 hadi 1943, rangi nzito ya maji juu ya karatasi, karibu mita 2.4 kwa 2.3. Viumbe vyenye nyuso za vinyago, miguu mikubwa, matiti na matako, vimebanana na mashina wima, na mkono mmoja juu kulia umeshika mkasi. Jina ni msitu. Tazama mashina: ni miwa. Muwa hauoti msituni, hupandwa, na huko Kuba ulipandwa na watu waliouzwa. Mtalii aliyekuja kutafuta msitu wa Kiafrika anakuta shamba, na shamba linamtazama. Lam alisema wazi kwamba uchoraji wake ni kazi ya kuuondoa ukoloni. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliununua mchoro huo 1945, na kwa miaka mingi likautundika njiani karibu na chumba cha kuwekea makoti. Huko nako ni kusema.

Meksiko niitaje kwa kisa kimoja tu. Mwaka 1938 Breton alimtembelea Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi aliyekuwa mkimbizi huko, wakaandika ilani ya sanaa huru ya kimapinduzi, ingawa mchoraji Diego Rivera ndiye aliyetia saini mahali pa Trotsky. Breton alikuwa ameandika: uhuru wote katika sanaa, isipokuwa dhidi ya mapinduzi ya wafanyakazi. Aliyefuta nusu ya pili ya sentensi ni Trotsky, aliyewahi kuongoza Jeshi Jekundu. Na mwaka 1949 mwandishi Alejo Carpentier wa Kuba akawacheka wote: Wazungu wanaohangaika kutengeneza maajabu wamegeuka makarani wa miujiza, wakati Haiti maajabu yanatembea barabarani.

Umeuliza pia kama ilibadilisha chochote. Franco hakuangushwa na shairi. Alishinda Aprili 1939, akatawala mpaka akafa kitandani mwake mwaka 1975. Ukitaka kitu cha kuhesabika, Neruda mwaka huohuo wa 1939 alitumwa na rais wa Chile, Pedro Aguirre Cerda, kuchagua na kusafirisha wakimbizi Wahispania waliokwama Ufaransa. Meli ya Winnipeg ilitia nanga Valparaíso Septemba 3 ikiwa na zaidi ya watu 2,000. Hiyo ilikuwa kazi ya fomu na mihuri. Lakini aliyeandika juu ya damu ya watoto ndiye aliyeomba kazi hiyo, nami siwezi kukutenganishia shairi na fomu.

Mfano wa pili ni wa ukuta. Roberto Matta, msurealisti wa Chile aliyekuwa amekaa Ulaya miaka mingi, alirudi mwaka 1971 na kuchora pamoja na vijana wa kikomunisti wa Brigada Ramona Parra ukuta mrefu kwenye bwawa la kuogelea la La Granja, mtaa wa wafanyakazi mjini Santiago, kusherehekea goli la kwanza la wananchi wa Chile, yaani mwaka wa kwanza wa Rais Allende, msoshalisti. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Septemba 1973 wenye mamlaka waliupaka rangi, tabaka juu ya tabaka. Zaidi ya miaka 30 baadaye mafundi walizikwangua, na mchoro ukatoka.

Kwa insha yako, usianze na ilani za Breton. Soma kwanza "Masa", ni fupi, kisha lile shairi la Neruda la kueleza mambo, kisha Lorca wa New York polepole, shairi moja kwa siku. Na mkono wako ukitaka kuandika "hii inawakilisha", uuzuie kwa dakika tano.